Daktari Anaonaje Mwisho wa Uvimbe Ndani ya Ubongo?

Ukichambua mchele usiku kwa taa ya koroboi, unajua taabu ya kutofautisha vijiwe vyeupe na punje. Daktari anayetoa uvimbe wa ubongo ana taabu kama hiyo, ila yake ni kubwa zaidi. Uvimbe mbaya wa ubongo mara nyingi haukai kama kokwa ndani ya embe. Huingia katikati ya ubongo kama mizizi, na pembezoni rangi yake hukaribiana na ya ubongo wenyewe. Akiacha kidogo, unaota tena. Akikata zaidi, mgonjwa huenda akaamka asiweze kusema wala kuinua mkono.

Tarehe 25 Novemba 1884, huko London, daktari Rickman Godlee alimpasua kijana mkulima wa miaka 25 aliyekuwa na kifafa, na mkono wa kushoto umeanza kupooza. Hapakuwa na picha. Hata eksirei iligunduliwa mwaka wa 1895. Mwenzake, Hughes Bennett, alikisia mahali pa uvimbe kwa kuchunguza kiungo kipi kinashtuka na kipi kimelegea. Walifungua fuvu wakaukuta pale pale. Kijana aliishi siku 28 tu, kwa sababu kidonda kiliingia maambukizi.

Tarehe 1 Oktoba 1971, papo hapo London, mama mmoja aliyeshukiwa kuwa na uvimbe alikuwa mgonjwa wa kwanza kupigwa picha ya CT, kwa mashine ya mhandisi Godfrey Hounsfield. Sasa daktari aliuona uvimbe kabla ya kushika kisu. Lakini picha hiyo hupigwa fuvu likiwa limefungwa. Likifunguliwa, ubongo, ambao ni laini mno, husogea, na ile picha haifuatani tena na kilicho mbele yake.

Daktari George Moore wa Minnesota, Marekani, alikwisha kujaribu njia nyingine mnamo 1948: kumdunga mgonjwa rangi inayong'aa ili ionyeshe uvimbe. Baadaye, huko Ujerumani, Walter Stummer na wenzake walitumia dawa ya kunywa. Mgonjwa huinywa muda wa saa tatu hivi kabla ya upasuaji, na chini ya mwangaza wa buluu uvimbe hung'aa rangi ya waridi. Matokeo yao ya mwaka 2006, kwa watu wazima, yalionyesha kwamba uvimbe ulioonekana kwenye picha ulitolewa wote kwa wagonjwa 65 katika kila 100. Bila dawa hiyo walikuwa 36. Kwa wengi ulirudi hata hivyo, ila ulichelewa.

Tatizo ni kwamba mng'ao huo ulihitaji darubini kubwa ya chumba cha upasuaji, ambayo ni ghali sana. Hapo ndipo miwani inapoingia. Samuel Achilefu, mwanasayansi mzaliwa wa Nigeria (nilipolisoma jina hilo nilitabasamu), aliongoza kundi lililotengeneza miwani yenye kamera katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis. Ilitumika kwa mgonjwa mara ya kwanza Februari 2014, katika upasuaji wa saratani ya matiti. Kwa ubongo, madaktari wa Marekani wamejaribu miwani ya kukuza yenye taa ya buluu, pamoja na ile dawa ya kunywa.

Hata miwani bora haimfikii mtoto aliyefichwa nyumbani. Ukiona anaumwa kichwa na kutapika kila asubuhi, anapepesuka, amepata makengeza au kifafa ambacho hakuwa nacho, au kichwa cha mtoto mchanga kinakua haraka mno, mpeleke kituo cha afya, uulize kuhusu rufaa. Usimalize mwezi ukimpa dawa za dukani, wala usikubali kuambiwa ni mapepo.

Na ukija kumuuguza mtu aliyenyweshwa dawa ile ya kung'aa, mkinge na jua na taa kali kwa siku mbili, maana ngozi yake huungua upesi.