Msumeno wa Karakana Yetu: Historia Fupi ya Mashine na Kinga Yake

Ndugu Mhariri aliponiandikia akinitaka nichangie makala ya historia katika gazeti hili la mkutano wetu, nilijua wenzangu watakuwa wamekwisha kueleza habari za mpira, za bwalo na za wakuu wa shule waliopita. Mimi nimechagua kitu ambacho wengi wetu tulikipita kila siku bila kukijali, nacho ni msumeno wa meza uliokuwa katikati ya karakana ya useremala. Sababu yangu ni hii: Kamati yetu imeazimia kuwanunulia vijana wanaosoma sasa msumeno mpya. Kabla fedha hazijatoka, naona ni wajibu wangu kueleza mashine hii ilikotoka, jinsi inavyoumiza, na kwa nini mimi binafsi nina deni juu yake.

Tuanze na siku za kabla ya mashine. Wazee wetu wapasuaji walitumia msumeno mrefu wa watu wawili. Gogo liliwekwa juu ya shimo au jukwaa; mmoja alisimama juu akifuata mstari, na mwenziwe alikuwa chini, unga wa mbao ukimwangukia machoni. Kazi hiyo iliendelea katika misitu yetu ya milimani hata baada ya mashine kufika. Ilikuwa kazi ya kuchosha mno, lakini ilikuwa na jambo moja jema: msumeno ulikwenda kwa nguvu za mkono, na mkono ukiacha kuvuta, msumeno nao ulisimama.

Huko Marekani husimuliwa habari za mwanamke mmoja, Tabitha Babbitt, wa madhehebu ya Shaker katika mji wa Harvard, Massachusetts. Inasemekana kwamba karibu na mwaka 1813 aliwatazama wanaume wawili wakivuta msumeno, akaona kuwa mvuto mmoja hukata na wa pili hupotea bure. Akafikiri kwamba sahani yenye meno, ikizungushwa, ingekata wakati wote. Wanahistoria wengine huyatilia shaka masimulizi haya. Lililo hakika ni kwamba Samuel Miller wa Southampton, Uingereza, alikwisha kupewa hati ya uvumbuzi wa mashine yenye msumeno wa duara mwaka 1777.

Mashine hizo zilipata kazi kubwa katika bandari ya Portsmouth. Meli za kivita za Uingereza zilihitaji kapi nyingi za kuvutia tanga, na kila aliyewahi kupanda jahazi anajua kapi ni kitu gani. Marc Brunel alibuni mashine za kutengenezea kapi hizo, na Henry Maudslay akaziunda, misumeno ya duara ikiwa miongoni mwake. Mwaka 1808 kiwanda kile kilitoa kapi 130,000, na ilisemwa kuwa watu 10 walifanya kazi iliyohitaji watu 110 hapo kwanza. Hakuna nchi iliyoweza kuyaona maendeleo ya namna hiyo ikayaacha. Viwanda vya mbao vilienea duniani, vikafika hata kwetu. Kabla ya Vita Kuu ya 1914 kampuni ya Kijerumani ya Wilkins & Wiese ilipasua mbao huko Shume, katika milima ya Usambara, na mbao zikateremshwa kwa kamba ya chuma mpaka stesheni ya Mkumbara.

Sasa tuitazame hatari yenyewe, maana asiyeielewa hawezi kujikinga nayo. Chukua msumeno wenye kipenyo cha sentimeta 40, unaozunguka mara 2,400 kwa dakika. Meno yake hukimbia mita 50 kwa sekunde, yaani kilomita 180 kwa saa. Binadamu akiguswa huhitaji kama sehemu mbili za kumi za sekunde kabla ya kuanza kuuondoa mkono wake. Katika muda huo msumeno umekwisha kuzunguka mara 8. Kwa hiyo anayesema, "Mimi ni mwepisi, nitauwahi," hajafanya hesabu.

Lakini wengi hawaumii kwa kupeleka mkono kwenye meno kwa uzembe tu. Mkono hupelekwa na ubao. Meno ya mbele hushuka kuelekea mezani, na meno ya nyuma hupanda. Mti nao hukua na mkazo ndani yake. Ukiupasua, vipande viwili huweza kujipinda na kuubana msumeno kwa nyuma. Hapo meno yanayopanda huuinua ubao na kuutupa kwa aliyeusukuma. Ubao ukiruka, mkono uliokuwa ukiuegemea hubaki bila kitu cha kushika, na mbele yake pana meno. Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Msumeno nao ni hivyo hivyo: umekupasulia mbao kutwa nzima, na jioni unakupiga teke.

Dawa ya teke hilo ni ya zamani, tena ya bei nafuu. Ni kisu cha nyuma, yaani kipande cha chuma kilichopinda kama mwezi mchanga, ambacho husimama nyuma ya msumeno karibu sana na meno yake. Unene wake ni mkubwa kidogo kuliko bamba la msumeno, lakini hauzidi njia inayokatwa na meno. Kazi yake ni kuizuia njia hiyo isijifunge. Juu ya msumeno huwekwa kinga, ambayo ni kifuniko kinachoshushwa karibu na ubao. Kitu cha tatu ni kijiti cha kusukumia, ambacho hata mtoto anaweza kukichonga kutokana na kipande kilichobaki.

Mambo haya yalijulikana mapema kiasi kwamba Uingereza iliyaandika katika kanuni za mashine za useremala za mwaka 1922, ikaagiza kisu na kinga viwepo. Kanuni mpya za mwaka 1974 ziliyarudia kwa ukali zaidi. Kwetu, Tanganyika ilitunga sheria ya viwanda mwaka 1950 kwa kufuata mfano wa sheria za Uingereza, ikataka sehemu za hatari za mashine zizuiwe. Sheria hiyo ilidumu mpaka mwaka 2003, ilipotungwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Basi mtu asiseme kwamba usalama ni jambo la kigeni lililoletwa jana. Nilipozaliwa mimi, kisu cha nyuma kilikuwa kimekwisha kuwa sheria.

Hapa ndipo historia ya dunia inapoingia katika karakana yetu.

Niliingia Kidato cha Kwanza mwaka 1975. Msumeno niliukuta, umetoka Uingereza, una rangi ya kijani iliyobabuka, una kinga yake na kisu chake. Mwalimu wetu wa ufundi, ambaye sasa ni marehemu, alikosa vidole viwili vya mkono wa kushoto. Kila kipindi kilipoanza alitupanga mstari, akatuamuru tuinue mikono na kuhesabu vidole kwa sauti mpaka kumi. Kipindi kilipokwisha tulihesabu tena. Tulicheka sana. Wavulana wa mabweni mengine walipita dirishani wakituhesabia pamoja nasi, wakifika kumi wanaongeza, "Kumi na moja!" Mwalimu hakucheka wala hakukasirika. Alisubiri mpaka hesabu imekwisha, ndipo akafungua kufuli la swichi.

Mwaka 1978 nilikuwa kiongozi wa karakana. Siku ya Jumanne nilipewa kazi ya kuchimba mifuo katika mbao za kabati. Mfuo haupiti mpaka upande wa pili wa ubao, kwa hiyo kwa mashine ile kinga na kisu vilikuwa havina budi kuondolewa. Nikaviondoa. Nilipomaliza, kengele ya michezo ikalia, nami nilikuwa katika timu ya bweni. Kinga nikaiweka juu ya rafu. Kisu nikakiegemeza mlango wa stoo usijifunge na upepo. Nikajiambia nitavirudisha kesho. Kesho yake tulikuwa na mtihani wa majaribio.

Alhamisi Mwalimu alikwenda kupokea mbao, akamwachia ufunguo mwanafunzi aliyekuwa bora kuliko sote. Tulikuwa tukitengeneza madawati, na yeye alipasua ubao wa mninga wenye urefu wa zaidi ya mita mbili. Mimi nilikuwa mwisho wa meza nikipokea. Nilisikia sauti ya msumeno ikibadilika na kuwa nzito, kama mtu anayekabwa. Halafu ubao ukanitoka mikononi. Ulimpiga tumboni, na mkono wake wa kulia ukaangukia mbele. Alipoteza kidole cha shahada na cha kati, na nusu ya cha pete. Kuna jambo nisilolisahau: hakupiga kelele. Alitazama mkono wake kama anayetaka kuhesabu.

Mashine ilifungwa muhula mzima. Mwalimu alilaumiwa na wakubwa, akaubeba mzigo ule peke yake. Ilijulikana kwamba kinga haikuwapo, lakini aliyeivua hakutajwa, kwa sababu hakujitaja. Aliyeivua ni mimi. Mwalimu amefariki bila kulisikia neno hili kutoka kinywani mwangu, na hilo ndilo deni nililolitaja pale mwanzo.

Mwenzetu aliyeumia alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, akamaliza shule, akafanya kazi ya uhasibu mpaka alipostaafu. Mwaka 2003 tulipokutana katika sherehe ya wanafunzi wa zamani, nilimwita kando, nikamweleza yote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ndugu yangu, mimi niliiona kinga juu ya rafu. Nilijua haipo, na bado nikawasha." Hatukuwa na la kuongeza. Tulirudi tukaketi na wengine.

Nimelifikiria neno lake kwa miaka mingi, na nikisoma historia ya mashine hii nakuta jambo lile lile. Tulioiacha kinga kando hatukuwa wageni wa mashine. Mgeni huiogopa na kuitii. Sisi tulikuwa mafundi wa darasa, tena mmoja akiwa kiongozi. Kinga ilivuliwa na mtu aliyekuwa na sababu nzuri kwa kazi moja, ikabaki imevuliwa kwa kazi zote. Mwingine akaiona haipo, akaamini kuwa mazoea yake yatatosha.

Vijana wataniuliza, je, hakuna mashine mpya inayomaliza tatizo hili? Ipo. Mwaka 1999 Mmarekani Steve Gass, mwanasheria aliyesomea fizikia, alibuni msumeno unaopitisha umeme mdogo katika meno yake. Ngozi ya binadamu ikigusa, mashine hutambua, breki ya aluminiamu husukumwa ndani ya meno, na msumeno husimama kwa muda wa takriban sehemu tano za elfu za sekunde. Aliijaribu kwa soseji, kisha kwa kidole chake mwenyewe. Mashine hizo, ziitwazo SawStop, zilianza kuuzwa mwaka 2004. Ni chombo cha ajabu, na Kamati ikiimudu bei yake sitapinga. Lakini breki ikifanya kazi mara moja hubadilishwa pamoja na msumeno, nayo haizuii teke la ubao. Kisu cha nyuma bado kinahitajika.

Kwa hiyo naomba mambo machache. Kamati isipokee mashine ambayo haikuja na kinga na kisu cha nyuma, hata kama muuzaji atapunguza bei. Anayeviondoa kwa kazi maalumu asitoke karakana kabla ya kuvirudisha, hata kengele ikilia. Na anayekuta havipo asiwashe, hata kama ni mwalimu aliyemwamuru.

Ninyi vijana, shikeni na haya. Msisimame sambamba na msumeno, simameni pembeni kidogo. Zikibaki sentimeta 30 za mwisho, mkono uondoke na kijiti kifanye kazi. Msivae glavu, wala tai, wala mikono mirefu iliyolegea. Msiokote kipande kilichoko karibu na meno mpaka msumeno umesimama kabisa. Mkibadilisha msumeno, kateni umeme kwanza. Na sauti ya mashine ikibadilika, msisukume zaidi.

Mwenzetu amekubali kuja siku mashine itakapozinduliwa. Nimemwomba awapange vijana mstari kama alivyofanya Mwalimu, wainue mikono, wahesabu mpaka kumi. Yeye atahesabu pamoja nao, na ataishia pale vidole vyake vinapoishia. Wakitaka kucheka, wacheke. Sisi pia tulicheka.

Wasalaam,
Mwanafunzi wa Zamani, 1975–1978