Kuutazama Mwili Kabla Haujaumia

Leo tuna somo la historia. Msidhani kwamba historia ni habari za vita na watawala tu. Goti nalo lina historia yake, na hiyo ndiyo tutakayojifunza leo.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: goti, kupima, mazoezi. Wanafunzi, yasomeni pamoja kwa sauti. Vema.

Ninyi mnaosoma Tosamaganga, chukueni mfano wa kijana wa hapo kwenu. Siku za kazi anapanda na kushuka vilima vya Iringa, jembe begani. Jumapili jioni yumo uwanjani, anacheza mpira. Anaruka kupiga kichwa. Anatua kwa mguu mmoja, goti linaingia ndani, naye anaanguka akilia. Hakuna aliyemgusa. Wenzake wanambeba. Mvua za kupandia zikinyesha, watu wamo shambani, na yeye amekaa barazani na fimbo yake. Goti la mchezaji wa kijijini ndilo goti la mkulima. Likiharibika, nyumba nzima inachechemea.

Je, goti hilo lingeweza kutazamwa mapema, kabla ya kuumia? Watu wengi wamejiuliza swali hili. Tuone walivyolijibu.

Kwanza tumkumbuke Mtanzania mmoja, John Stephen Akhwari, mwenyeji wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikimbia mbio ndefu za marathoni katika Michezo ya Olimpiki, jijini Mexico City. Jiji hilo liko juu sana, zaidi ya meta 2,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Misuli ya Akhwari ilikaza. Kisha wakimbiaji waliposongamana akaanguka, akaumia goti na bega. Alifungwa bendeji, akaendelea. Waliondoka wakimbiaji 75, wakamaliza 57. Mwethiopia Mamo Wolde alishinda. Akhwari alifika wa mwisho, usiku ukiingia, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, inasimuliwa kwamba alijibu kuwa nchi yake haikumtuma mbali vile aanze mbio tu, bali azimalize. Mwaka 1970, huko Edinburgh, alikuwa wa tano katika marathoni ya michezo ya Jumuiya ya Madola.

Twamsifu Akhwari kwa haki. Lakini tusichukue funzo lisilo lake. Yeye aliangushwa na msongamano, na hakuna kipimo ambacho kingemkinga na hilo. Tena ushujaa wa mtu mmoja, siku moja, si sheria ya kila Jumapili. Kijana mwenye goti lililovimba akiambiwa “jikaze, uwe mwanamume”, hapo tunamharibu.

Sasa turudi nyuma zaidi. Mwaka 1813, mjini Stockholm, nchi ya Sweden, Per Henrik Ling alianzisha chuo cha mazoezi ya viungo. Alifundisha kwamba mwendo wa mwili unaweza kupangwa, kufundishwa na hata kutumiwa kutibu. Mwaka 1894 wauguzi wanne wa London waliunda chama cha wakandaji wenye mafunzo. Kutokana na chama hicho kulikua kazi ya tiba ya viungo katika Uingereza.

Kisha ulikuja ugonjwa wa kupooza wa watoto, yaani polio. Mwaka 1914 ulizuka katika jimbo la Vermont, Marekani. Daktari Robert Lovett na msaidizi wake Wilhelmine Wright walikuwa na watoto wengi wenye miguu iliyolegea. Walitaka kujua ni msuli gani umebaki na nguvu, na nguvu hiyo ni kiasi gani. Basi wakaanza kuupima msuli mmoja mmoja kwa mkono. Mwaka 1943, wakati wa vita, Waingereza walitoa alama za namna hiyo kutoka 0 hadi 5. Msuli usiotikisika kabisa ulipata 0. Msuli unaoweza kuinua kiungo, lakini usioweza kushindana na mkono wa mpimaji, ulipata 3. Msuli mzima ulipata 5.

Wanafunzi, angalieni jambo hili. Vipimo hivyo vilikuwa vya watu waliokwisha kuumia au kuugua. Je, mtu mzima apimwe kwa nini?

Katika miaka ya 1990, Wamarekani wawili, Gray Cook na Lee Burton, walitengeneza kipimo cha watu wazima kwa afya. Kina miendo saba. Mtu huchuchumaa akiwa na fimbo juu ya kichwa. Huvuka kamba kwa mguu mmoja. Hupiga hatua ndefu na kushusha goti. Hukutanisha mikono nyuma ya mgongo. Hulala chali na kuinua mguu ulionyooka. Hulala kifudifudi na kujisukuma juu kwa mikono. Mwisho hupiga magoti na kushika chini, akanyosha mkono na mguu. Kila mwendo una alama kutoka 0 hadi 3. Mwenye maumivu hupata 0. Jumla ya juu ni 21.

Hapo wengi wetu tutacheka. Kuchuchumaa? Mama wa Iringa huchuchumaa jikoni kila siku bila kupewa alama! Ndiyo. Lakini kuchuchumaa jikoni ni jambo moja, na kutua kutoka juu kwa mguu mmoja ni jambo lingine.

Mwaka 2007 walipimwa wachezaji 46 wa mpira wa Kimarekani. Waliopata alama 14 au chini yake ndio walioumia zaidi. Habari zikaenea haraka. Watu wakaifanya namba 14 kama ramli: huyu ataumia, huyu hataumia. Lakini wachunguzi wengine walirudia kazi hiyo kwa watu wengi. Mwaka 2017 matokeo yao yalikusanywa na kulinganishwa. Ikaonekana kwamba jumla ya alama haitoshi kutabiri nani ataumia. Kipimo huonyesha jinsi mtu anavyosogea leo. Hakijui ya kesho.

Basi, kinga iko wapi? Iko katika neno la tatu lililo ubaoni: mazoezi. Mwaka 2006 shirika la mpira la dunia, FIFA, na wataalamu wake walitunga mazoezi ya kupasha mwili moto, yaitwayo 11+. Huchukua kama dakika 20, na hufanywa angalau mara mbili kwa wiki. Mna kukimbia polepole, kuimarisha mapaja na tumbo, kusimama kwa mguu mmoja, na kujifunza kuruka na kutua goti likielekea mbele. Hayahitaji mashine. Wasichana wa Norway walipoyafanya, majeraha makubwa yalipungua karibu nusu. Habari hiyo ilitolewa mwaka 2008. Tena msiseme ni mambo ya Ulaya. Mwaka 2014 zilitolewa habari za timu 20 za vijana wa Lagos, Nigeria. Penye majeraha 100 kwa wasioyafanya, waliyoyafanya walipata kama 59.

Funzo letu ni hili. Kupima ni kuuliza. Mazoezi ndiyo jibu. Kumpa kijana alama na kumwacha ni sawa na kuuona ufa na kurudi kulala. Nanyi mwajua: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kazi ya darasa. Kaeni wawili wawili. Mwenye maumivu asijaribu. Mmoja asimame kwa mguu mmoja, akunje goti kidogo, taratibu. Mwenzake atazame: goti linaelekea mbele, au linaingia ndani? Badilisheni mguu. Je, miguu yote miwili ni sawa? Asiye sawa asiogope. Hiyo si hukumu. Arudie zoezi hilo kidogo kidogo kila siku, goti likielekea mbele. Lakini mwenye goti linalovimba au kukwama asisubiri. Tosamaganga mna hospitali, aende.

Maswali ya kuzungumza. 1. Kwa nini Lovett na Wright walianza kuipima misuli? 2. Kwa nini namba 14 si ramli? 3. Katika timu ya kijiji chenu, nani atakayesimamia dakika 20 za mazoezi kabla ya mpira? Swali la tatu msilijibu kwa kalamu tu. Andikeni jina la mtu, kisha mwendeeni kabla ya Jumapili.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.