Habari za Gurudumu katika Nchi ya Mrima

Wasikilizaji wetu, mtu akisimama leo Kiwangwa, kando ya barabara itokayo Bagamoyo kwenda Msata, huona magurudumu ya kila namna kwa muda mfupi. Malori hupita yamejaa mananasi, pikipiki zimepakia abiria, na baiskeli zina magunia ya mkaa. Watoto huweza kutaja aina ya gari kwa mlio wake kabla halijaonekana. Wapo na watu wazima wapendao magari ya zamani na magari ya moshi, hata injini kuukuu ikilia huacha kazi wakaitazame. Sisi nasi tu katika watu hao.

Leo twapenda kueleza jinsi gurudumu lilivyoingia katika nchi hii ya Mrima, na sababu ya kuchelewa kwake. Maana wako wasemao kwamba wazee wetu walibeba mizigo kichwani na begani kwa kuwa hawakuwa na akili ya kutumia gari. Neno hilo si kweli, na habari za mambo yaliyopita zalikanusha.

Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara itokayo Ujiji na Tabora. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Nguo, shanga na nyaya za shaba zilipanda bara. Wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi, walichukua kila mtu mzigo wa kadiri ya frasila mbili, yaani ratli 70, na safari ya kufika Tabora ilichukua miezi mitatu hivi. Hata vyombo vya majini vilikwenda kwa mabega. Tarehe 17 Novemba 1874, Stanley alipotoka Bagamoyo, watu wake walichukua mashua yake iitwayo Lady Alice, yenye urefu wa futi 40. Ilikatwa vipande, wakaibeba hata ziwa Victoria, na huko ikaunganishwa ikaelea.

Wazungu waliona kwamba kazi hiyo ni ya gari la ng'ombe. Mwaka 1876 Roger Price, mmisionari aliyezoea magari ya namna hiyo kusini ya Afrika, alianza safari Saadani, kaskazini ya mto Wami, pamoja na ng'ombe, akafika Mpwapwa, akarudi na habari njema kwamba jambo hilo lawezekana. Mwaka uliofuata, 1877, Alexander Mackay, Mskoti aliyekuwa fundi wa mitambo, alifyeka njia kutoka Saadani hata Mpwapwa, maili 230 hivi. Yeye na vibarua wake walikata miti na kutengeneza vivuko vya mito, ili magurudumu yapite.

Basi magari yalikwenda, lakini hayakudumu. Ng'ombe walikonda, wakaanguka, wakafa. Adui yao alikuwa mbung'o, nzi aitwaye pia ndorobo. Mwaka 1895 ndipo daktari David Bruce alipogundua, katika nchi ya Wazulu, kwamba nzi huyo huchukua vijidudu vya ugonjwa wa nagana na kuvitia katika damu ya mnyama. Tena mvua za masika zilipokuja, magurudumu yalizama topeni hata ekseli, na majani yakaota tena mahali palipofyekwa.

Mwaka 1879 Leopold, mfalme wa Ubelgiji, alijaribu njia nyingine. Ndovu wanne waliofugwa Bara Hindi waliletwa kwa merikebu, wakashushwa Msasani karibu na Dar es Salaam, wakapelekwa bara na mizigo. Nao wakafa mmoja baada ya mwingine. Mpagazi akabaki peke yake njiani.

Hapo twaona sababu. Gurudumu lataka vitu vitatu: nguvu ya kulivuta, njia ngumu ya kupita, na watu wa kuitunza njia hiyo mwaka kwa mwaka. Vikikosekana hivyo, gari lenyewe huwa mzigo, na lataka watu wa kulibeba. Wapagazi walilijua jambo hilo vema kuliko wageni wao.

Nguvu isiyouawa na mbung'o ilikuja pamoja na mvuke. Wadachi walianza kujenga reli ya Tanga mwaka 1893. Kule Unguja gari la moshi lilianza mwaka 1905, likienda kutoka mjini hata Bububu, mwendo wa maili 7. Mwaka huo huo wa 1905 reli ya kati ilianzwa, nayo haikuanzia Bagamoyo, bali Dar es Salaam. Maji ya pwani ya Bagamoyo ni haba, na merikebu kubwa zilikuwa zikitia nanga mbali sana. Bandari ya Dar es Salaam ina kina na imekingwa na upepo. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Misafara ikapungua hata ikakoma, na mji uliokuwa ukipokea maelfu ya wapagazi kila mwaka ukawa kimya. Hivyo gurudumu lilipofaulu hatimaye, Bagamoyo ililipa gharama yake.

Motakaa nayo ina kisa chake. Tarehe 10 Agosti 1907, afisa mmoja wa Kidachi, Paul Graetz, alitoka Dar es Salaam na motakaa iliyoundwa makusudi, tumbo lake limeinuliwa juu ili lisigonge visiki. Alikusudia kuvuka Afrika mpaka bahari ya magharibi. Alifika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909, baada ya siku 630. Watu wengi husifu motakaa ile, nasi twaisifu. Lakini petroli iliwekwa akiba njiani kabla yake, na penye mito na matope motakaa ilivutwa kwa kamba na watu wa nchi ile ile waliyoipitia.

Tena vita vya mwaka 1914 hata 1918 vilionyesha jambo hilo kwa uchungu. Malori yalikwama, farasi walikufa kwa mbung'o, na majeshi yakarudi kutegemea kichwa na bega. Mamia ya maelfu ya watu walichukuliwa kuwa wapagazi wa vita, na makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi. Jina la Kariakoo, mtaa na soko mashuhuri la Dar es Salaam, latokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi hao.

Wazee walisema, Ukiona vyaelea vimeundwa. Meli ya Liemba ya ziwa Tanganyika yatufundisha maana yake. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa katika masanduku 5,000 hivi, ikaletwa Dar es Salaam, kisha ikasafirishwa bara mpaka Kigoma. Ilishushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Julai 1916 Wadachi wenyewe waliizamisha, baada ya kuipaka injini yake mafuta mazito isiharibike. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena safari, ikachukua abiria na mizigo ya vijiji vya ziwani kwa miaka mingi sana.

Tangu siku zile mengi yametendeka. Mwaka 1963 reli ya kuunganisha Ruvu na Mnyusi ilifunguliwa, ikavuka mto Wami na kuunganisha reli ya kati na ile ya Tanga. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kwenda Morogoro na Dodoma, ikipita kwa saa chache nchi ambayo misafara iliivuka kwa majuma mengi.

Twawasihi vijana wapendao magari wasiache kuyapenda. Wajifunze injini, wahifadhi picha kuukuu na vyuma vya zamani visiuzwe vyote kwa kuyeyushwa. Lakini pamoja na hayo wawaulize wazee wa vijijini: nani alilima barabara hii, nani alipasua mawe ya reli, nani aliyechukuliwa kwenda vitani akarudi au asirudi? Wayaandike majina yao katika daftari maadamu wako wanaoyakumbuka. Majina ya waliokuja na magari yamo vitabuni tayari; majina ya waliowafungulia njia yamo vinywani mwa wazee, nao wazee hawangoji.