Makao Makuu na Mipaka ya Msaada: Benki ya PTA na Burundi, 1985–1999

Mkataba uliotiwa saini Lusaka Desemba 1981 uliunda Eneo la Biashara ya Upendeleo la Mashariki na Kusini mwa Afrika (PTA). Mwaka 1985 nchi wanachama zilianzisha Benki ya PTA, makao yake makuu yakiwa Bujumbura. Uamuzi huo ulikuwa na uzito, kwani Burundi haina bahari: wakati huo bidhaa zake nyingi zilivuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, kisha Dar es Salaam.

Benki ilisaidia wanachama kwa njia kuu mbili: mikopo ya miradi na mikopo ya muda mfupi ya kugharimia biashara. Hii ya pili huifaa zaidi nchi ambayo shehena yake hukaa njiani muda mrefu kabla ya kulipiwa.

Kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993, kulifuatiwa na vita, na shughuli za benki zikahamia Nairobi. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996, majirani waliiwekea Burundi vikwazo, vikalegezwa kwa hatua na kusimamishwa Januari 1999. Miongoni mwao zilikuwamo Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia, wanahisa wenzake katika benki hiyo hiyo.

Hivyo, uenyeji wa makao makuu haukuwa kinga. Mkopo wa biashara hupoteza nguvu njia inapofungwa. Benki, ambayo leo ni Benki ya Biashara na Maendeleo (TDB), ilidumu. Aliyeumia ni mwenyeji. Kwa washauri wa sera, funzo ni kwamba ulinzi wa njia za nchi zisizo na bahari uafikiwe pamoja na masharti ya mikopo, kabla ya mgogoro.