Fahamu kisa cha wanandoa waliosahaulika katikati ya bahari Australia

Ukipanda boti ya kwenda kupiga mbizi, utaona wahudumu wanahesabu watu, wanaandika, kisha wanahesabu tena. Wengine huona ni usumbufu. Lakini nyuma ya hesabu hiyo kuna kisa cha Tom na Eileen Lonergan.

Walikuwa ni kina nani?
Ni mke na mume kutoka Marekani. Tom alikuwa na miaka 33, Eileen 28. Walikuwa wamemaliza kujitolea na shirika la Peace Corps huko Fiji, wakaamua kuzunguka kidogo na mabegi yao mgongoni kabla ya kurudi nyumbani. Wote wawili walipenda sana kupiga mbizi, hivyo Australia hawakutaka kuikosa. Huko ndiko iliko Great Barrier Reef, miamba ya matumbawe yenye urefu wa zaidi ya kilomita 2,000.

Siku ya tukio
Januari 25, 1998 walipanda boti yenye abiria 26 kutoka mji wa Port Douglas, jimbo la Queensland. Mchana waliingia majini kwa mbizi ya mwisho. Walipoibuka juu, boti haikuwepo!

Kumbe wahudumu walikosea kuhesabu. Waliamini watu wote wamerudi, wakang'oa nanga na kuondoka.

Siku mbili bila kujulikana
Hapa ndipo panapouma. Hakuna aliyeshtuka jioni ile, wala kesho yake. Ni baada ya siku mbili ndipo begi lao lilipokutwa kwenye boti likiwa na vitu vyao binafsi. Ndege na boti zikaanza kuwatafuta, lakini muda ulikuwa umeshakwenda na mkondo wa maji haumsubiri mtu.

Baadaye baadhi ya vifaa vyao viliokotwa mbali, zikiwemo jaketi za kuelea. Kikapatikana pia kibao ambacho wapiga mbizi hutumia kuandikia chini ya maji. Kilikuwa na ujumbe wa kuomba msaada, wenye tarehe ya Januari 26. Maana yake asubuhi ya siku ya pili walikuwa bado hai, wakisubiri.

Miili yao haijapatikana mpaka leo.

Nini kilifuata?
Uvumi ukawa mwingi. Wapo waliosema wamejificha makusudi, wengine wakasema walitaka kufa. Uchunguzi wa kisheria haukukubaliana na maneno hayo. Nahodha alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, akaachiwa huru mwaka 1999. Kampuni ilikiri uzembe na kupigwa faini. Mwaka 2003 ikatoka filamu ya Open Water, iliyotokana na kisa hiki.

Kubwa zaidi, Queensland ilikaza sheria. Boti haitakiwi kuondoka mpaka watu wamehesabiwa na hesabu imeandikwa.

Ukienda kupiga mbizi, kumbuka haya

1. Hakikisha jina lako limeandikwa kabla ya kuingia majini na baada ya kutoka. Usimjibie mwenzako.

2. Mwachie mtu wa nchi kavu taarifa: boti gani, unakwenda wapi, unarudi saa ngapi. Asipokuona, apige simu.

3. Beba filimbi, kioo kidogo na boya la kujaza hewa lenye rangi kali. Kichwa cha mtu kwenye mawimbi hakionekani kirahisi hata kwa karibu.

4. Ukiachwa, jaza hewa jaketi lako, dondosha vyuma vya uzito, na mshikamane. Usimalize nguvu kukimbiza boti iliyokwisha kwenda.

5. Usinywe maji ya bahari hata kiu ikizidi. Yanaongeza kiu na kuumaliza mwili haraka.

Kuhesabu abiria 26 hakumalizi hata dakika mbili. Siku ukiambiwa usimame uhesabiwe mara ya pili, simama tu.