Faili Linaposomwa Mara ya Pili

Wasikilizaji, wiki hii nataka tumzungumzie mtumishi mmoja wa Serikali ambaye wengi wetu hatumjui mpaka siku jamaa yetu anapopandishwa kizimbani. Askari tunamjua, hakimu tunamjua, na wakili tunamjua kwa ada yake. Lakini kati ya askari na hakimu yuko mtu anayelisoma faili la polisi na kuamua kama kesi iende mahakamani au isiende, na ikienda shtaka liwe lipi. Huyo ni mwendesha mashtaka msimamizi. Mara nyingi hasimami mbele ya hakimu; yeye huwasimamia wale wanaosimama.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu Chwaka. Ugomvi wa nyavu na madema baina ya wavuvi wa Chwaka na wa Marumbi ni wa miaka mingi. Tuseme usiku mmoja kamba za dema zimekatwa, na asubuhi yake watu wawili wameshikana pwani, mmoja kapasuka kichwa. Askari ataandika maneno ya aliyewahi kufika kituoni. Ndani ya faili mtakuwa na mlalamikaji, mashahidi wawili ambao ni watoto wa ami yake, na fomu iliyojazwa na daktari. Msimamizi akilifungua anauliza: aliyekata kamba alionekana na nani, na kwa mwanga gani? Aliyeshtakiwa aliulizwa upande wake? Hapa pana kosa la kujeruhi, au pana watu wawili waliopigana na mmoja akazidiwa? Akiona pengo, faili linarudi kwa polisi. Watu husema kesi inacheleweshwa, na pengine ni kweli, lakini kazi yenyewe ni hiyo.

Visiwa hivi viliwahi kuishi bila ya mtu wa kuliuliza faili maswali kama hayo.

Tarehe 7 Aprili 1972 Rais wa Kwanza wa Zanzibar, Mzee Abeid Amani Karume, aliuawa kwa risasi Kisiwandui, makao makuu ya Afro-Shirazi. Kesi ya uhaini iliyofuata ilianza Mei 1973 ikiwa na washtakiwa 81. Baadhi yao, akiwemo Abdulrahman Babu, walikuwa wamezuiliwa Tanzania Bara. Mwalimu Nyerere hakukubali kuwaleta Unguja, wakahukumiwa bila ya kuwepo. Wakati huo ulikuwa wakati wa Mahakama za Wananchi, na mawakili hawakuruhusiwa. Aliyeendesha mashtaka ni Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, Wolfgang Dourado. Na kwa kuwa hapakuwa na wakili, kazi ya kuwatetea washtakiwa nayo alipewa yeye huyo huyo.

Hebu tulitazame jambo hili kwa utulivu. Ushahidi mkubwa wa upande wa Serikali ulikuwa maungamo, na baadhi ya washtakiwa walisimama wakasema maungamo hayo yametoka katika mateso. Wakili wa utetezi kazi yake ya mwanzo ingekuwa kuyapinga. Lakini wakili huyo ndiye aliyeyaleta mahakamani. Hata angekuwa mwadilifu namna gani, mtu hawezi kujihoji mwenyewe mbele ya jaji akajishinda. Hukumu ilitolewa Mei 1974, na zaidi ya watu 30 walihukumiwa kifo. Katika rufaa adhabu nyingi zilipunguzwa, na mwaka 1978 Babu na wenzake waliokuwa Bara wakaachiwa.

Dourado mwenyewe historia haikumwacha hapo. Katika mjadala wa Katiba wa mwaka 1983 alisema hadharani maoni yake juu ya muundo wa Muungano, kisha akakamatwa na kuwekwa kizuizini bila ya kufunguliwa shtaka lolote. Baadaye alikuja kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Zanzibar. Sijui kama kuna mtu mwingine visiwani aliyeiona sheria kutoka pande zote hizo.

Katiba ya mwaka 1984 na sheria zilizoifuata zilirudisha mahakama za kawaida na mawakili wake. Upande wa mashtaka, hata hivyo, haukubadilika sana. Mamlaka yalibaki kwa Mwanasheria Mkuu, ambaye pia ni mshauri wa Serikali na hukaa katika Baraza la Mapinduzi. Katika mahakama za chini aliyeshtaki alikuwa polisi, yaani Jeshi lile lile lililokamata na kupeleleza.

Matokeo yake tuliyaona kuanzia Novemba 1997, walipoanza kukamatwa wanachama wa CUF waliofikia 18, miongoni mwao Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi. Walishtakiwa kwa uhaini, kosa lisilo na dhamana, wakakaa ndani karibu miaka mitatu. Novemba 2000 mashtaka yakaondolewa wakatoka. Mwezi huo huo Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri lenye jina la Machano Khamis Ali na wenzake 17, ikaeleza kwamba uhaini hutendwa dhidi ya dola yenye mamlaka kamili, na Zanzibar peke yake si dola ya namna hiyo. Uamuzi huo una mengi ya kisiasa, na watu hapa hawajaacha kubishana juu yake. Mimi nautazama kwa upande mmoja tu. Swali la kama kosa hili linaweza kutendwa dhidi ya huyu anayelalamika ni swali la ukurasa wa mwanzo wa faili. Lilitakiwa kuulizwa mezani kwa msimamizi mwaka 1997, kabla mtu hajalala rumande hata usiku mmoja.

Baada ya Muafaka wa CCM na CUF wa Oktoba 2001, Katiba ya Zanzibar ilirekebishwa mwaka 2002 na ikaundwa Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye kwa maandishi hafuati maelekezo ya mtu yeyote. Wa kwanza kuishika alikuwa Othman Masoud Othman. Taratibu wanasheria wa ofisi hiyo wakachukua nafasi za mainspekta katika mahakama za chini, na mwaka 2010 ofisi ikapata sheria yake. Othman Masoud baadaye akawa Mwanasheria Mkuu, na mwaka 2014 aliondolewa katika nafasi hiyo baada ya kupiga kura ya hapana kwa baadhi ya vifungu katika Bunge Maalum la Katiba. Muungano tena, kama kwa Dourado.

Siku hizi faili linalomsumbua msimamizi kuliko yote si la uhaini. Ni la mtoto aliyedhalilishwa. Tangu mwaka 2021 kuna mahakama maalum kwa makosa hayo, lakini faili linafika na shahidi hafiki. Wazee wamekaa barazani, pesa zimepita, ndoa imezungumzwa, na mama wa mtoto anasema hakumbuki. Mshtaki ni Jamhuri au Serikali, si familia, kwa hiyo kisheria familia haina kesi ya kuifuta. Msimamizi anabaki na fomu ya daktari, jina la mtoto, na tarehe ya kesi kule Mwera.