Mapenzi Yetu, Rimoti ya Mwingine: Historia Fupi ya Dishi, Kibanda Umiza na Ligi ya England

Wadau, tuanze na jambo ambalo shabiki wa Uingereza hapendi kukumbushwa. Mechi za Jumamosi saa 9 alasiri kule kwao hazionyeshwi mubashara kwenye televisheni za nchini mwao. Ni utaratibu wa tangu miaka ya 1960, uliowekwa ili watu waende viwanjani na timu ndogo zisikose mapato ya mlangoni. Sasa mechi hiyohiyo wewe wa Manzese unaiona mwanzo mwisho, saa 11 jioni, au saa 12 wao wakisharudisha saa nyuma kwa ajili ya baridi. Yaani jirani wa uwanja amekosa tiketi anasikiliza redio, na wewe huku unabishana kama ile ilikuwa ofsaidi.

Haikuwa hivi siku zote. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, ila Bara tulisubiri hadi 1994 ndipo stesheni za kwanza zikaanza kurusha matangazo. Kabla ya hapo mpira ulikuwa sauti: mtangazaji wa redio, Simba na Yanga, na wewe unajichorea uwanja kichwani. Ligi Kuu ya England nayo ilikuwa changa, imeanza mwaka 1992. Mwaka 1995 DStv ikazaliwa Afrika Kusini, na taratibu madishi yakaanza kuchomoza juu ya mapaa ya hoteli, baa kubwa na nyumba za wenye nazo. King'amuzi pamoja na malipo ya kila mwezi havikuwa vitu vya mtu wa kawaida.

Mtaa ukajiongeza. Mtu mmoja analipia kadi, anazungushia mabati, anapanga mabenchi, anaziba madirisha kwa turubai ili wa nje wasichungulie. Nje kuna ubao wa chaki: nani na nani, saa ngapi, kiingilio kiasi gani. Jero, na mechi kubwa buku. Feni ni moja na upepo wake haufiki nyuma. Ndiyo maana pakaitwa kibanda umiza, jina linajieleza lenyewe. Kwenye makaratasi kadi ya nyumbani si ya biashara, lakini bila ujanja ule wengi wetu leo tusingekuwa na timu ya kuumia nayo.

Na hizo timu tulizipataje? Mwingereza wengi wao wanarithi timu kwa baba, au kwa mtaa waliozaliwa. Sisi tulizikuta kwenye skrini zikiwa zinashinda. Ukitaka kukisia umri wa mtu, muulize alianza lini. Wa Man U wengi ni wa makombe matatu ya 1999. Wa Arsenal walinaswa na Kanu, au na msimu wa 2003/04 uliokwisha bila kufungwa hata mechi moja ya ligi. Chelsea ilipomleta Drogba 2004 na Essien mwaka uliofuata, nusu ya mtaa ikahamia Darajani.

Liverpool je? Mei 25, 2005, Istanbul. Saa za kule zilikuwa sawa na za kwetu, mpira ukaanza saa 3:45 usiku. Mapumziko Milan 3, Liverpool 0. Kuna watu walitoka wakaenda kulala. Ndani ya dakika sita za kipindi cha pili zikarudi zote tatu, na hadi penalti zinaisha ilikuwa imepita saa 6 usiku. Waliolala walisimuliwa asubuhi, na hadi leo wanasimuliwa.

Lakini mapenzi ya mbali yana mwenyewe, na siyo wewe. Mwaka 2007 ilikuja kampuni ya GTV, ikiwa imenunua haki za sehemu kubwa ya mechi za Ligi ya England kwa Afrika, na bei yake ilikuwa nafuu. Watu wakabadilisha ving'amuzi, wenye vibanda wakahama nayo. Ijumaa ya Januari 30, 2009, katikati ya msimu, ikatangaza kwamba imefilisika. Skrini zikazimika nchi baada ya nchi. King'amuzi ulichokinunua kwa fedha yako kikabaki pambo mezani. Old Trafford hawakukosa usingizi kwa hilo. Waliokosa ni mwenye kibanda aliyekwishaandika ubao wa Jumamosi, na wateja wake.

Gharama nyingine haikuwa ya fedha. Julai 11, 2010, mjini Kampala, watu walikusanyika kutazama fainali ya Kombe la Dunia iliyochezwa Johannesburg. Mabomu yalilipuka katika sehemu mbili na zaidi ya watu 70 wakauawa. Walikuwa wametoka tu kuangalia mpira, kama mimi na wewe.

Kisha upepo ukageuka kidogo. Desemba 2013 Azam TV ikaingia, na Ligi Kuu Bara ikapanda kwenye dishi lilelile. Mwaka 2021 wakasaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Vibanda vilivyokuwa vikilaumiwa kwa kuua viwanja vya nyumbani vikaanza kujaa kwa mechi ya Simba na Yanga.

Halafu ikaja Februari 1, 2020. Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala, akaichezea Aston Villa mechi yake ya kwanza ya ligi dhidi ya Bournemouth na akafunga kwa kichwa. Villa walilala 2-1, lakini huku nani alijali? Kurasa zao mitandaoni zikajaa Kiswahili. Miezi miwili nyuma wengi wetu tusingetaja hata wachezaji watatu wa Villa.

Kwangu hapo ndipo historia hii inapojieleza. Miaka ishirini na ushee tulilipa jero kutazama sherehe ya watu, tukijua mwenye rimoti anaweza kuizima Ijumaa yoyote. Tukabaki, tukazifanya timu zao kuwa utani wetu wa kijiweni, hadi siku moja wa kwetu akatokea ndani ya skrini.

Haya mdau, sema ukweli: timu yako uliirithi, au uliikuta inashinda?